Jini Si Hadithi

“Tia sahihi, Maalim!”

“Sitii.”

“Lakini hadithi umeipenda mwenyewe!”

“Naipenda mpaka sasa. Sitii.”

Mwalimu Risper aliipiga meza kwa kiganja. Kalamu ikaruka, ikaanguka sakafuni. Hakuna aliyeinama kuiokota.

Kama gazeti la juma lililopita ulilifungia sukari kabla hujalisoma, mambo yako hivi. Majaji watatu wako chumba cha juu cha ukumbi mmoja mjini Garissa. Wanamtafuta mshindi wa Nyota ya Nyika, tuzo ya hadithi za sayansi na maajabu. Hadithi zinasomwa bila majina, kwa namba tu. Zimechujwa zikabaki tano. Kila jaji amezipanga peke yake, na karatasi zao zilipowekwa mezani, wote watatu walikuwa wameiweka juu hadithi moja, namba saba.

Kilichobaki ni hati ya ushindi. Kalamu akapewa Maalim Abdow kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Maalim akaisoma hati, akaiweka kalamu chini.

Huko chini wageni wameshaketi, na saa kumi lazima mshindi atangazwe.

“Nieleze tena,” Risper alisema. Ndiye mwenyekiti, na miaka aliyofundisha chuoni Garissa imemzoesha kubishana. “Nieleze kama mtoto. Mimi ni Mjaluo, pengine kuna kitu kimenipita.”

“Isome hiyo hati.”

Risper akaishika, akasoma kwa sauti. “Nashuhudia kwamba jambo la ajabu lililomo katika hadithi hii halipo duniani, ila katika fikira za mwandishi. Basi. Hapo pana nini?”

“Pana jini.”

Naam, namba saba ni hadithi ya jini. Ukame umezidi mpaka kisima cha majini wenyewe kimekufa. Jini mmoja anahamia ndani ya pampu ya maji ya watu, na pampu inazima. Wanawake wanaigonga kwa mawe, wazee wanaisomea dua. Mwishowe jini anasema kwamba hataki ubani wala damu ya mbuzi. Anataka zamu. Aandikwe kwenye foleni ya kunywesha kama watu wengine, basi. Wazee wanakaa kikao siku nzima, wanampa zamu ya mwisho kabisa, baada ya punda. Naye anawashukuru.

Hapo kwenye punda ndipo Maalim Abdow alipolia. Ruweyda, jaji wa tatu, alimwona akijifuta kwa ncha ya kilemba.

“Majini wapo, Madam,” Maalim alisema. “Kitabu kina sura nzima yenye jina lao. Asubuhi nawafundisha watoto wa watu kwamba wapo, halafu alasiri nitie sahihi kwamba hawapo?”

“Ni karatasi ya ofisi tu!”

“Nashuhudia.” Maalim alilitamka neno hilo taratibu. “Hilo si la ofisi. Ndilo neno lililoniingiza katika dini, na ndilo ninaloomba nife nalo mdomoni. Siliazimishi kwa tuzo.”

Risper aliigeuza hati, akaikagua na upande wa nyuma.

Ruweyda ni mtangazaji wa redio, mdogo wao kwa umri. Mpaka hapo alikuwa amenyamaza, jambo ambalo wanaomsikiliza kila asubuhi hawatalisadiki.

“Adeer,” alisema, kwa heshima ya mtu anayesema na mzee wa rika la babake. “Ngamia wapo?”

“Wapo.”

“Namba tano ina ngamia anayeendesha roketi. Huyo ungetia sahihi kwamba hayupo?”

“Huyo ningetia.”

“Na ungekuwa umewakana ngamia wote?”

“La. Huyo mmoja.”

“Haya. Majini wapo, sote tunakubali. Lakini huyu wa kwenye pampu amebuniwa na mtu, kama yule ngamia. Mkane huyu mmoja, wengine waache na maisha yao.”

Risper alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akainama mwenyewe, akaiokota kalamu, akampa Maalim kwa mikono miwili.

Maalim aliipokea. Akaishusha hadi kwenye karatasi. Ncha ikagusa.

Ikainuka tena.

“Ngamia nawajua,” alisema. “Angekuwepo mmoja anayeendesha roketi, wafanyabiashara wa Tarbaj wangeshamtia bei. Jini haonekani. Wewe, Ruweyda, umezunguka pampu zote ukahakikisha kwamba huyu hayumo?”

“Adeer!”

“Ya ghaibu anayajua Mwenyezi Mungu peke yake. Mimi nishuhudie kwamba jini fulani hayupo, nilimtafuta wapi?”

“Basi mkane yule afisa wa maji!” Risper alipaza sauti. “Kwenye hadithi anapigiwa simu na anafika siku hiyo hiyo, tena na vyuma vyake. Huyo haki ya Mungu hayupo duniani!”

Hata Maalim alicheka. “Huyo natia sahihi sasa hivi, Madam, na mashahidi nitawaleta. Lakini hati inauliza ajabu ya hadithi, na ajabu yake ni jini.”

Kicheko kilikatika mlango ulipofunguliwa bila hodi.

Aliyeingia ni Abdiwali, mwandalizi wa tuzo, mwenye suti ya kijivu na simu mbili mkononi.

“Hii maneno imefika wapi? Watu wamekunywa chai mara mbili!”

“Tunataka kubadilisha neno moja kwenye hati,” Ruweyda alisema. “Badala ya nashuhudia tuandike nadhani.”

“Hakuna kubadilisha. Hati wafadhili wameiona. Ni sahihi za majaji wote, au hakuna.”

“Na zikikosekana?”

“Kanuni iko wazi. Majaji wakishindwa, mwandalizi anachagua.”

“Mwandalizi ni nani?” Risper aliuliza, ingawa alimjua.

Abdiwali akainamisha kichwa kidogo, kama bwana harusi.

“Na wewe ungechagua ipi?”

“Namba tano. Roketi. Watu wanapenda roketi.”

Ruweyda alikwenda dirishani, akafunua pazia la upande wa ukumbi. Nyuma ya jukwaa lilitundikwa bango linalofika darini. Juu yake ilichorwa roketi, na ndani ya roketi ngamia amevaa miwani.

“Bango hili limechapishwa lini?”

“Juzi.”

“Juzi!” Risper alisimama. “Juzi mimi nilikuwa sijamaliza hata kusoma!”

“Ndiyo maana nikasema mtu ajitayarishe mabema.” Abdiwali hakuona haya. “Wacheni bolitiki. Andikeni majina yenu, au niachieni mimi.”

Maalim Abdow ndiye aliyeuliza, kwa upole, “Na jaji akitaka kujiondoa?”

“Jaji hajiondoi kwa sababu moyo wake umekataa. Anajiondoa kwa jambo moja tu, akimjua mwandishi. Hapo anatoka, na waliobaki wanaamua. Wewe, Maalim, unamjua nani?”

“Simjui mtu.”

“Basi kaa utie sahihi. Saa kumi ikigonga, mimi napanda jukwaani.”

Akatoka.

“Bahasha ya majina iko wapi?” Ruweyda aliuliza upesi. “Tuifungue. Adeer atamjua mwandishi, atatoka kwa kanuni, na sisi tutatia sahihi.”

“Na sisi je, tutafumba macho?” Risper alisema. “Tukiifungua humu tumemjua sote. Wote watatu nje. Nani atabaki?”

Hakukuwa na haja ya kujibu. Angebaki Abdiwali na bango lake.

Risper alikivuta kiti chake mpaka mbele ya Maalim, wakawa uso kwa uso.

“Maalim, mimi sijui kuzunguka. Kuna mtu ameandika kitu kilichokutoa machozi. Akishinda, kitachapishwa, watoto wako wa madrasa watakisoma. Asiposhinda, kitarudi kwenye sanduku la nguo mpaka panya wakile. Na atakayekirudisha ni wewe. Hilo nalo hutaulizwa mbele ya Mungu? Au hilo haliandikwi?”

Maalim Abdow aliitazama tena hati. Akitia sahihi, ametoa ushahidi asio nao. Asipotia, ameidhulumu hadithi bora aliyopata kuisoma, na ameizika kwa mkono wake.

Saa ya ukutani ilikuwa inakimbilia kumi.

Ghafla alisimama.

“Anayeweza kushuhudia kwamba jini ni wa kubuni ni mtu mmoja tu. Ni huyo aliyembuni.”

“Naye hatumjui!”

“Yuko hapo chini. Waandishi wote watano wameketi mstari wa mbele. Nitawauliza wote pamoja. Sitauliza jina wala namba. Wakisema wote kwamba wamebuni, basi namba saba naye amesema. Nitarudi nitie sahihi kwa ushahidi wake, si wangu.”

Ruweyda alishika kichwa. “Wallahi, adeer, na hiyo akili ulikuwa umeificha wapi?”

“Ninyi msitoke humu. Na msisikie lolote.”

Akachukua bakora yake, akashuka.

Ukumbini kulikuwa na joto la watu na harufu ya iliki. Maalim hakupanda jukwaani. Alisimama mbele ya viti vya kwanza, na kwa kuwa ni mtu anayeheshimiwa, minong’ono ilikufa yenyewe.

“Ninyi watano,” alisema. “Nina swali moja. Ajabu mliyoiandika, mmeibuni wenyewe au mmeiona? Aliyebuni asimame.”

Watu walicheka. Karani wa mahakama alisimama wa kwanza, akainua mikono kama aliyekamatwa na polisi. Akasimama mwanafunzi wa ualimu. Akasimama muuza simu, kisha nesi mmoja mwenye miwani.

Wanne.

Wa tano alibaki ameketi.

Alikuwa mama wa makamo, jilbabu yake ya rangi ya udongo, mikono ameiweka magotini. Waliotoka Wajir walimfahamu. Ni Lul, mama anayewasha pampu ya maji Hadado.

“Simama, mama!” mtu alimnong’oneza kutoka nyuma. “Wanauliza kama umebuni!”

Lul hakusimama.

Minong’ono ikamfikia Maalim. Mama wa pampu! Akasogea mpaka karibu, akainama, akamsemesha kwa Kisomali, wasisikie wengine.

“Dada yangu, swali umelielewa?”

“Nimelielewa.”

“Basi simama, tumalize.”

“Siwezi kusimama juu ya uongo, Maalim. Sikubuni. Aliomba zamu, wazee wakampa, na mimi ndiye ninayemfungulia maji.”

“Ulimwona?”

“Kama ninavyokuona wewe.”

Pembeni ya Lul palikuwa na kiti kitupu. Maalim akashika mgongo wa kiti kile ili akae.

Lul alinyoosha mkono haraka, akamzuia.

“Hicho kina mtu.”

Maalim Abdow aliuondoa mkono wake kwenye kile kiti kama aliyegusa jiko. Akasoma audhubillahi, akasoma tena. Kiti kilikuwa kitupu. Kitupu kabisa.

Na hapo hapo, katikati ya hofu, jambo likamwangaza. Sahihi hawezi kuitia tena, leo wala kesho. Lakini sasa anamjua mwandishi! Kanuni yenyewe inamfukuza. Atatoka, Risper na Ruweyda watabaki, na namba saba itashinda.

Aliinua macho. Yakakutana na macho ya Abdiwali.

Abdiwali alikuwa kwenye meza ya soda, na alikuwa ameelewa kabla yake. Majina ya waandishi yeye anayajua. Jaji mmoja ametoka, sawa. Lakini wale wawili wa juu wakilisikia jina la Lul kabla ya kutia sahihi, nao wametoka. Alihitaji kulisema mara moja tu.

Abdiwali aliiweka soda chini, akaanza kuelekea ngazini.

Maalim naye akageuka.

Mzee wa bakora angeshindana vipi na kijana wa suti? Lakini Abdiwali hakufika mbali. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo alimdaka mkono njiani. Habari yako, habari ya nyumbani, habari ya mama, ngamia wamepata malisho? Mkono haukuachiliwa. Na mkono wa mkubwa hauvutwi, hasa ukiwa mkono uliolipia chai ya wageni wote.

“Wako salama, adeer, wako salama,” Abdiwali alijibu huku shingo ameigeuzia ngazi. “Alhamdulillahi, wote salama!”

Maalim alizipanda ngazi mbili mbili. Akaingia chumbani, akafunga komeo, akauegemea mlango.

“Namjua mwandishi,” alisema akihema. “Najiondoa. Ninyi wawili tieni sahihi. Sasa hivi!”

“Ngoja.” Ruweyda alimkazia macho. “Umeuliza. Amebuni, au ameona?”

“Mimi si jaji tena.”

“Adeer, nimekuuliza.”

“Na mimi sina ruhusa ya kumzungumzia mwandishi. Tieni sahihi!”

Ngumi zilitua mlangoni. “Fungua!” Ilikuwa sauti ya Abdiwali. “Madam Risper! Ruweyda! Sikieni, nawaambia jina! Huyo mwandishi wenu ni—”

Maalim Abdow alitia vidole masikioni, akavuta pumzi.

“Allaaahu akbar, Allaaahu akbar!”

Wakati wa Alasiri ulikuwa umeingia, hakuna aliyeweza kusema adhana ile haina haki. Sauti iliyokuwa ikiamsha mtaa mzima hata umeme ukipotea ilijaa chumbani, ikatetemesha vioo.

Nje ya mlango pakawa kimya.

Mtu aliyelelewa Garissa anaweza kuchapisha bango la mshindi kabla ya hadithi kusomwa. Anaweza kuwatisha majaji. Lakini kupiga kelele juu ya adhana, huku ukumbi mzima unasikia na shangazi zake wamo? Abdiwali alifunga mdomo. Jina la Lul likabaki limemkwama kooni.

Risper hakuhitaji kuelezwa. Alivuta hati, akaandika jina lake kwa haraka ya mwalimu aliyechelewa kipindi, akamsukumia Ruweyda pamoja na kalamu. Kwa macho na kwa kidole: wewe!

Ruweyda aliishika kalamu, na mkono ukagoma.

Kwa sababu Maalim alikuwa amefika pale penyewe. “Ash-hadu an laa ilaaha illa Llah…” Nashuhudia. Na mbele ya Ruweyda, kwa wino mweusi, neno lilikuwa lile lile.

Sasa ule mtego ulikuwa wake. Yeye pia ni Mwislamu. Na uso wa Maalim alipoulizwa kama mwandishi aliona au alibuni, ule haukuwa uso wa mtu aliyejibiwa vizuri.

Risper alimfinya bega. Kalamu haikusogea.

Akaisoma hati upya. Jambo la ajabu lililomo katika hadithi hii. Ajabu ipi? Jini? Ruweyda amezaliwa Tarbaj. Nyanya yake alikuwa akiwasalimu majini kabla ya kumwaga maji ya moto, na hakuna aliyeshangaa. Kilichomshangaza yeye usiku ule alioisoma namba saba kilikuwa kingine. Wazee wenye kiu, mifugo yao inaanguka mmoja mmoja, wanakaa chini siku nzima ili mgeni wasiyemjua ukoo apate zamu ya maji.

Kaka yake Ruweyda alivunjwa mkono kisimani, na aliyemvunja ni binamu yake. Zamu. Kwa sababu ya zamu.

La, hicho hakipo. Hajakiona Tarbaj, hajakisikia Mandera, na kwenye redio hajakisoma hata siku moja. Wazee wa namna hiyo wamo katika fikira za mwandishi tu. Hilo analijua, na hilo anaweza kulishuhudia mbele ya yeyote.

Akatia sahihi.

Maalim alikuwa akimalizia. “Laa ilaaha illa Llah.” Akashusha mikono, akaziona sahihi mbili, na akaona pia namna Ruweyda alivyotulia.

“Si jini, adeer,” Ruweyda alisema. “Ajabu yake ni wale wazee. Hao ndio hawapo.”

Maalim alifungua kinywa. Hadado ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, na wazee wake wote, na mama anayemfungulia mgeni maji baada ya punda. Akakumbuka kwamba yeye si jaji tena. Akakifunga.

“Tumeshinda!” Risper aliinua hati juu. “Abdiwali! Haya sasa, sema jina upendavyo!”

Abdiwali hakusema.

Walimsikia akivuta pumzi, kisha viatu vyake vikashuka ngazi mbio, vikiteleza, kama vya mtu aliyepishana na kitu asichokitarajia. Chini ukumbini mwanamke alipiga ukelele. Kiti kikaanguka.

Kisha mlango ukabishwa mara tatu, taratibu, kwa adabu.

“Hodi,” ilisema sauti ya mwanamke. “Ni sisi wawili.”

Maalim Abdow aliitambua sauti ya Lul, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. “Msifungue,” alinong’ona. “Ruweyda, mwanangu, usifungue.”

“Wawili gani?” Risper aliuliza. “Maalim, wawili gani?”

Ruweyda aliitazama sahihi yake, ambayo wino ulikuwa bado haujakauka. Kisha akavuka chumba, akavuta komeo.